Uji wa Kujazia Unaoshika Haraka: Mwongozo Kamili wa Kuutengeneza, Kuupima na Kuumimina

Mtaro umechimbwa saa nne usiku katikati ya barabara, bomba limezibwa saa saba, na magari yanarudi saa kumi na moja alfajiri. Zimebaki saa nne. Ukirudisha udongo kwa tabaka na kushindilia, kompakta haifiki chini ya tumbo la bomba, na mvua mbili zikinyesha barabara inadidimia. Ukijaza zege, barabara haitadidimia, lakini umelifungia bomba ndani ya jiwe, na fundi atakayekuja kulitengeneza miaka mitano baadaye atakutaja kwa jina baya.

Katikati ya hayo mawili ndipo ulipo uji wa kujazia: mchanga, maji mengi, saruji kidogo sana, na mara nyingi hewa. Unamiminwa, unajisawazisha, unaingia kila pembe bila kushindiliwa, kisha unashika na kubeba lami juu yake. Si jambo geni. Mwaka 1964 Bureau of Reclamation, idara ya Marekani ya miradi ya maji, iliutumia kulaza bomba la maji la Canadian River huko Texas, na mchanga wake ulikuwa ule uliopeperushwa na upepo, uliokuwa umelala jirani na kazi yenyewe. Kumbuka jambo hilo la mchanga, tutalirudia.

Tatizo ni muda. Uji wa kawaida huhitaji saa 3 hadi 5 kabla ya kuwa mgumu kiasi cha kufanyiwa kazi juu yake. Mwongozo huu ni wa kushusha muda huo hadi kama saa moja. Niseme mapema jambo linalowaponza wengi: kuufanya uji ushike haraka ni rahisi, kwani ukiongeza saruji umemaliza. Kibarua chenyewe ni kuufanya ushike haraka kisha uache kuendelea kuwa mgumu. Karibu kila uamuzi unaofuata umetokana na hilo.

Hatua ya 1: Andika namba tatu kabla hujagusa saruji

Namba ya kwanza ni dakika za kumimina. Anza kuhesabu pale maji yanapogusa saruji; uji lazima ubaki ukitiririka mpaka ndoo ya mwisho iingie mtaroni. Kama unachanganya kando ya mtaro, dakika 15 hadi 20 zinatosha. Kama uji unakuja na lori kutoka mbali, usijidanganye: kinachofanya ushike haraka kitiwe pale pale mtaroni, si kiwandani.

Namba ya pili ni dakika za kubeba, yaani muda mpaka uweze kuweka tabaka la juu. Mwulize mwenye kazi kitu gani kitapita juu yake na saa ngapi. Mtu kutembea, kompakta ya mkono na lori la lami ni mizigo mitatu tofauti.

Namba ya tatu ndiyo inayosahauliwa: dari ya ugumu. Kamati ya 229 ya American Concrete Institute, chama cha wataalamu wa zege cha Marekani, huhesabu uji wa kujazia kuwa ni ule usiozidi megapaskali 8.3 (kipimo cha nguvu ya kuhimili mgandamizo) kwa siku 28, lakini hiyo ni dari ya jina tu. Ukitaka uchimbike kwa koleo na sururu, baki chini ya megapaskali 0.3. Kwa mashine ya kuchimba, kati ya 0.7 na 1.4 kwa kawaida huwezekana. Ukipita 2.1 usitegemee kuuchimba kwa urahisi. Kama mwenye bomba amesema hatachimba tena, vizuri, apeleke kauli hiyo kwa maandishi.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini uji hushika

Zege lina maji kama nusu ya uzito wa saruji yake. Uji wa kujazia una maji mara nne, tano au zaidi ya uzito wa saruji. Kwa hiyo mwanzoni saruji karibu haifanyi kitu. Punje zake zinaogelea mbali mbali. Kinachougandisha uji wa kawaida saa za kwanza ni maji kutoka. Yanapanda juu, yananyonywa na kuta za mtaro, punje za mchanga zinakaribiana na kugusana. Saruji hukuta kazi imeshaanza.

Hapo yanatoka mambo mawili. Kwanza, uji ule ule utashika upesi kwenye mtaro wa udongo wa mchanga mkavu, na utachelewa kwenye mtaro wa mfinyanzi uliolowa. Pili, dawa za kuchapuza zilizozoeleka kwenye zege hazileti muujiza hapa. Chukua kloridi ya kalsiamu: kipimo chake cha kawaida hakizidi asilimia 2 ya saruji. Kwenye uji wenye kilo 60 za saruji ya Portland, yaani saruji ya kawaida ya ujenzi, hiyo ni kilo 1.2, imeyeyuka ndani ya lita 240 za maji au zaidi. Inasaidia kidogo, na ukiwa na bomba la chuma umeliletea kutu. Mimi siitumii karibu na chuma chochote.

Kwa hiyo ukitaka haraka ya kweli una njia mbili, na zinafanya kazi vizuri zikiwa pamoja: punguza maji bila kupoteza utiririkaji, na tumia kitu kinachoyafunga maji yaliyobaki kwa dakika, si kwa saa.

Hatua ya 3: Chagua kinachoshikisha

Wagombea wa kweli ni wawili.

Wa kwanza ni majivu laini ya makaa ya mawe yenye chokaa nyingi, yale yanayoitwa kundi C. Haya hushika yenyewe yakikutana na maji, hata bila saruji, na mengine ndani ya dakika chache. Yanafanya uji uwe laini na wa kuteleza. Ubaya wake ni tabia: shehena ya wiki hii si ya wiki ijayo, kwa sababu yanatokana na makaa yaliyochomwa siku hiyo, hayakutengenezwa kwa ajili yako. Tena yanaendelea kuwa magumu kwa miezi. Usiyachanganye na majivu ya kundi F, yenye chokaa kidogo; yale ni kijazio kizuri lakini hayashikishi peke yake.

Wa pili ni saruji ya salfoaluminati ya kalsiamu. Ikipata maji hutengeneza fuwele za etringaiti, na karibu nusu ya uzito wa etringaiti ni maji. Fikiria maana yake kwenye uji uliojaa maji: badala ya kusubiri maji yaondoke, saruji inayameza. Jambo la pili zuri ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu yake huja siku za mwanzo, kisha mwendo unapungua sana. Hiyo ndiyo tabia tunayoitafuta, ya kukimbia kisha kutulia. Ni ghali kuliko Portland, lakini unaihitaji kidogo.

Sehemu inayobaki ya mwongozo nitaijenga juu ya saruji hii. Ukitumia majivu ya kundi C hatua ni zile zile, ila ufanye jaribio jipya kwa kila shehena bila kusamehe hata moja.

Onyo moja hapa. Mabaki ya saruji ya Portland ndani ya pipa la kuchanganyia huibadilisha kabisa saa ya salfoaluminati, na kwa kawaida huiharakisha. Osha pipa, osha ndoo, osha hata koleo.

Hatua ya 4: Mchanga, pamoja na udongo uliouchimba

Mchanga safi wa zege unafaa, lakini si lazima. Mchanga wenye vumbi la tope hadi kama asilimia 20 umefanya kazi vizuri mara nyingi, na vumbi hilo husaidia mchanga usizame na kuyaacha maji juu. Kinachokataza ni mfinyanzi. Unavuta maji mengi, unafanya mabonge, na uji unaokauka baadaye hupasuka.

Kupima bila maabara: chukua konzi ya udongo uliolowa kidogo, ubiringishe kwenye kiganja. Ukitengeneza kamba nyembamba kama penseli isiyokatika, huo ni mfinyanzi, uache. Ukisambaratika, peleka sampuli kwenye ungo na uendelee. Wale wa Texas waliona mapema kwamba mchanga wa jirani ukifaa, safari za kuleta mchanga zinapungua.

Hatua ya 5: Hewa ndiyo inayopunguza maji

Dawa ya povu, ile inayotia vipovu vidogo vya hewa, kwenye zege huleta asilimia 5 au 6 ya hewa. Kwenye uji wa kujazia tunakwenda 15 hadi 25. Vipovu vinafanya kazi ya gololi: mchanga unateleza juu yake, kwa hiyo unahitaji maji machache. Maji yanayopanda juu yanapungua, uji unakuwa mwepesi, na ugumu wa mwisho unashuka. Faida nne kwa dawa moja. Kama kuna sehemu ya uji huu ambayo watu wanaidharau, ni hii.

Tahadhari: majivu ya makaa yenye kaboni nyingi hunyonya dawa ya povu. Ukiona hewa inapanda na kushuka bila sababu, angalia majivu kwanza.

Hatua ya 6: Mchanganyo wa kwanza

Hii ni sehemu ya kuanzia, ya mita moja ya ujazo, si ya kupeleka moja kwa moja kazini:

Saruji ya salfoaluminati: kilo 60
Mchanga (umeshiba maji ndani, juu mkavu): kilo 1,450
Maji: kilo 240
Hewa: asilimia 19 hivi

Hakikisha mwenyewe kwamba inajaa mita moja. Saruji, iliyo nzito mara 2.9 ya maji, inachukua mita za ujazo 0.021. Mchanga, ulio mzito mara 2.65, unachukua 0.547. Maji 0.240. Jumla 0.808. Kilichobaki, 0.192, ni hewa. Uzito wote ni kilo 1,750. Ukijifunza hesabu hii moja hutahitaji kununua mapishi ya mtu.

Sasa shusha hadi ndoo ya lita 20: saruji kilo 1.2, mchanga kilo 29, maji kilo 4.8. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Mchanga wa kwenye rundo una unyevu. Tuseme una asilimia 4 ya maji ya juu ya punje, yale yasiyonyonywa ndani. Asilimia 4 ya kilo 29 ni kilo 1.16. Utapima mchanga kilo 30.16, na maji ya kuongeza yatakuwa kilo 3.64 tu. Angalia: karibu robo ya maji yako yote yalikuwa yamejificha kwenye mchanga. Asiyekaanga konzi ya mchanga asubuhi kujua unyevu wake atalalamika mchana kutwa kwamba saruji ni mbovu.

Kisha breki. Saruji hii bila kuzuiwa inaweza kugeuka jiwe kabla hujaacha kukoroga. Asidi ya sitriki huichelewesha. Anza na asilimia 0.3 ya uzito wa saruji. Kwa kilo 1.2 hiyo ni gramu 3.6. Tumia mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kijiko cha chai hakifai hapa, kwa sababu kijiko kilichojaa na kilichosawazishwa vinaachana gramu kadhaa, na hizo ndizo tofauti kati ya dakika 15 na saa nzima.

Mpango wa kukoroga: maji, asidi na dawa ya povu kwanza, mchanga ufuate, koroga dakika moja mpaka povu lianze kuushika mchanga. Saruji iwe ya mwisho. Ikigusa maji, bonyeza saa. Koroga dakika mbili, acha.

Hatua ya 7: Pima kwa dakika

Utiririkaji. Chukua kipande cha bomba kilicho wazi pande zote, kipenyo milimita 75 na urefu 150. Kiweke wima juu ya kioo au bati lililolowa, kijaze mpaka juu, kinyanyue moja kwa moja bila kukizungusha. Uji utatanuka kama chapati ya maji. Pima kipenyo mara mbili, kwa njia mbili zilizokatana. Ukifika milimita 200 au zaidi, na pembeni hakuna duara la maji matupu, unatiririka. Rudia kila dakika 5. Dakika ambayo kipenyo kinashuka chini ya 200 ndiyo mwisho wa dakika zako za kumimina, na ndiyo namba ya kuandika, si ile ya kipimo cha kwanza.

Hewa. Huhitaji chombo cha bei. Jaza chombo cha lita 5, sawazisha mdomo, pima. Kwa mchanganyo wetu uji wenyewe unapaswa kuwa kilo 8.75. Ukiona 9.6, hewa imepotea: uzito wako ni 1,920 kwa mita ya ujazo, na kwa kuwa mchanganyo huu bila hewa kabisa ungekuwa kama 2,166, hewa iliyobaki ni asilimia 11 tu. Ongeza dawa ya povu au koroga zaidi.

Kushika. Kwenye ndoo tumia penetromita ya mfukoni ya udongo, kijiti cha kuchoma udongo kupima ugumu wake, kila dakika 10 na uchore mstari. Jaribio la kweli ni la kudondosha tufe, nalo linahitaji eneo pana, kwa hiyo tutalifanya kwenye sanduku hatua inayofuata.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Weka mchanga na maji palepale, jaribu saruji ya kilo 40, 60 na 80. Ukiona inayokaribia, ishike hiyo na ubadilishe asidi: 0.1, 0.3, 0.5. Kisha rudia iliyoshinda kwa joto utakalokutana nalo kazini. Kama kanuni ya kidole gumba, joto likipanda nyuzi 10 muda wa kushika hupungua karibu nusu. Mchanganyo uliopimwa mchana kwenye nyuzi 28 hauwezi kuahidi kitu usiku kwenye nyuzi 14.

Hatua ya 8: Masanduku mawili

Tengeneza masanduku mawili ya sentimita 60 kwa 60, kina 40. Moja lifukie kwenye ardhi ya mchanga, pande zake ziwe kitambaa kinachopitisha maji. La pili litandike nailoni ndani, lisipoteze hata tone. Kila moja linakula lita 144. Yajaze kwa uji ule ule, wakati ule ule.

La kwanza litakuonyesha mtaro mkavu, la pili mtaro wa mfinyanzi uliolowa. Kama la nailoni halishiki ndani ya namba yako ya pili, mchanganyo wako bado unategemea maji kutoroka, na siku moja hayatatoroka. Rudi hatua ya 6, ongeza hewa na upunguze maji kabla ya kukimbilia kuongeza saruji.

Kipimo cha kubeba ni nusu tufe la chuma la kilo 14, kipenyo milimita 152, likidondoshwa mara 5 mahali pamoja kutoka urefu wa kama milimita 115. Pima kipenyo cha shimo. Likiwa milimita 76 au chini, uji uko tayari kubebeshwa. Kisha chungulia ndani ya shimo: kama kuna maji yanayong'aa yaliyopandishwa na mapigo, bado, hata kama kipenyo kimepita.

Sisitizo langu hapo lina historia. Siku moja ya jua kali nilibonyeza uso wa uji kwa kidole, ukagoma, nikasema tayari. Kijana akapanda na kompakta. Hatua ya tatu, ukoko wa juu ukavunjika kama ganda la yai na mashine ikazama mpaka kwenye injini. Chini kulikuwa bado uji. Jua na upepo vilikuwa vimeukausha uso tu. Tangu siku hiyo kidole changu hakitoi vyeti.

Hatua ya 9: Pima dari ya ugumu

Jaza mitungi ya plastiki ya milimita 150 kwa 300, angalau mitatu kwa kila umri: siku 3, 7, 28 na 90. Usiitingishe wala kuigonga kama unavyofanya na zege, hewa itatoka. Maji yakipanda na uji ukashuka, juujuu ongeza kidogo. Mitungi hii ni dhaifu kiasi kwamba kuibeba vibaya kunaipasua, kwa hiyo itoe kwenye plastiki siku ya kuvunja, na mashine ya kuvunjia iende polepole sana. Mashine kubwa ya zege haisikii vizuri nguvu ndogo namna hii. Tafuta yenye mizani ndogo.

Nguvu peke yake haisemi kila kitu kuhusu kuchimbika. Uzito nao unahesabiwa. Kuna kanuni iliyotoka Hamilton County, Ohio: zidisha uzito (kilo kwa mita ya ujazo) uliopandishwa kipeo cha 1.5, kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya siku 30 (kilopaskali; 1,000 zake ni megapaskali moja), kwa 0.619, ugawe kwa milioni moja. Jibu likiwa chini ya 1, unachimbika.

Jibu la kushangaza liko hapa. Uji mzito wa kilo 2,000 unaruhusiwa kilopaskali kama 326 tu. Uji wetu wa kilo 1,750 unaruhusiwa kama 487. Ukishuka hadi 1,600, unaruhusiwa kama 637. Hiyo hewa uliyoitia ili kuharakisha kushika imekupa pia nafasi ya kuwa na nguvu zaidi bila kumkera mchimbaji. Kwa hiyo lengo langu kwa mchanganyo huu ni kati ya kilopaskali 300 na 480.

Ukivuka dari, usipunguze saruji ya salfoaluminati kwa pupa, kwani ndiyo inayokupa saa yako. Ongeza hewa kwanza. Na kama ulikuwa umechomeka Portland kidogo ili kubana gharama, itoe. Ndiyo inayoendelea kupanda wakati wengine wamelala.

Hatua ya 10: Kumimina

Bomba litaelea. Uji ukiwa maji unabeba bomba kama mto unavyobeba gogo, ila uji ni mzito karibu mara mbili ya maji. Bomba la plastiki la kipenyo milimita 315, likizamishwa lote kwenye uji wa kilo 1,750, linasukumwa juu kwa kilo 136 kila mita. Lenyewe huenda halifiki kilo 20. Kwa urefu wa mita 6 unazungumzia karibu kilo 700 zinazotaka kupaa. Mawe mawili juu ya bomba hayafui dafu.

Hapa kasi inakulipa. Mimina mpaka theluthi ya kipenyo kwanza. Msukumo hapo ni kama kilo 40 kwa mita, ambao mikanda au mifuko ya mchanga inauweza. Mimina pande zote mbili kwa usawa, bomba lisisukumwe upande. Subiri lishikwe, kama nusu saa kwa mchanganyo uliofaulu, kisha jaza kilichobaki. Uji wa kawaida ungekufanya ulale pale.

Ziba ncha za mtaro kwa udongo au mifuko, na uangalie matundu ya zamani, mifereji na mabomba yaliyokufa. Uji unaotiririka vizuri hutafuta njia vizuri. Ukiona umemimina mita mbili za ujazo na kiwango hakipandi, simama, tafuta unakokwenda.

Kuhusu vyuma: mfereji wa nyaya wa alumini usiguswe na uji mbichi, kwa sababu ualkali huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni. Bomba la chuma lisiachwe nusu ndani ya uji na nusu kwenye udongo. Mipaka ya namna hiyo huanzisha kutu. Lizike lote au lisiguse kabisa.

Kama dawa au saruji inatiwa kwenye lori pale mtaroni, hesabu dakika kwa sauti. Mtu mmoja awe na saa na kazi yake iwe hiyo tu. Weka kando asidi ya sitriki iliyoyeyushwa tayari kwenye maji, ili mpira ukiziba au mtaro ukiporomoka uitie kwenye pipa kabla uji haujawa sehemu ya lori. Fanya uamuzi huo mapema. Dakika tano za kubishana ndizo zinazogharimu pipa.

Usalama wa watu: mtaro wenye uji mbichi ni kisima. Kina chake hakionekani, na aliyezama hadi kiunoni hatoki peke yake. Weka uzio, weka taa. Hakuna anayeshuka mtaroni wakati wa kumimina. Glavu na miwani ni lazima, kwani uji wa saruji unachoma ngozi taratibu na mtu anahisi jioni.

Uso wa uji utashuka kidogo maji yakitoka. Kwa uji wa kawaida tegemea milimita 3 hadi 6 kwa kila milimita 300 za kina, yaani milimita 15 hadi 30 kwa mtaro wa mita 1.5. Wenye hewa nyingi hushuka pungufu ya hapo, lakini tumia namba ya sanduku lako, si yangu. Usiweke lami ya moto juu ya uso unaong'aa maji; mvuke utainua tabaka.

Mambo yakienda kombo

Uji umekaza dakika ya pili, ukikoroga unalegea tena: huo ni mkazo wa uongo, koroga nusu dakika zaidi bila kuongeza maji. Ukikaza na usilegee, asidi imesahauliwa au pipa lilikuwa na Portland.

Unatiririka lakini pembeni maji yanatoroka na mchanga umebaki katikati kama kilima: hewa ni ndogo au mchanga ni wa punje za ukubwa mmoja. Vumbi laini la tope kidogo huponya.

Umeshika vizuri kwenye ndoo, mtaroni umechelewa: joto la ardhi au mtaro uliolowa. Angalia daftari la sanduku la nailoni.

Umeshika kila mahali isipokuwa kipande kimoja: lori la pili lilikuwa na mchanga uliolowa zaidi. Kaanga konzi ya mchanga kwa kila rundo, hata ukiambiwa ni rundo lile lile.

Masanduku yale mawili usiyavunje baada ya kazi. Yaache nje, yaandike tarehe kwa rangi. Siku ya 28 chukua koleo uchimbe kona moja ya kila sanduku, siku ya 90 kona nyingine, na baada ya mwaka kona ya tatu. Mpe koleo kijana ambaye hakuuchanganya uji huo, na uandike anachosema.